Kilichokuwa Kikilia Kwenye AC ya Gari Langu

Mke wangu amenikataza kusimulia habari hii mbele ya wageni, kwa hiyo nawasimulia ninyi ambao si wageni, na naomba mtu asinikatize katikati kuniuliza kama ni kweli, maana ni kweli tupu na mashahidi wake ni nusu ya parokia. Mimi ni mtu mzima, naitwa Proje, nina duka la pembejeo pale Omurushaka, watu wananipigia simu kuniuliza dawa ya mnyauko wa migomba (hauna dawa, lakini wanauliza, na mimi nawajibu kwa sauti nzito), halafu Jumapili moja, nikiwa ndani ya suti, mbele ya kanisa, nikapatwa na aibu ambayo mpaka leo nikipita Kaisho kuna watu wananionyesha kwa mdomo na kucheka pembeni.

Aibu yenyewe ilianza kidogo sana, na ili muielewe inabidi niseme jambo ambalo kwa mtu wa kwetu ni zito kulisema. Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimezaliwa katikati ya mibuni, na siwezi kutafuna kahawa. Sisemi ya kunywa (ya kunywa nakunywa vizuri tu, sukari vijiko vitatu), nasema ya kutafuna, akamwani, ile inayochumwa kabla haijaiva sana, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa mpaka ikakauka, halafu mgeni akifika, hata kabla hajaulizwa amefuata nini, anasogezewa kikapu kidogo achukue mbili tatu atafune taratibu huku mkiulizana habari za nyumbani. Wenzangu wanatafuna kutwa nzima na raha zao. Mimi nikitafuna mbili tu moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na ule uchungu unakaa kwenye fizi mpaka kesho yake. Na kukataa huwezi, kwa sababu kukataa kikapu ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hukuja kwa heri, kwa hiyo maisha yangu yote nimeishi kwa kujifanya: nachukua, nasukumia shavuni, nikipata nafasi natema kwenye leso.

Sasa nikampata Jovitha. Alikuja dukani kutafuta mbegu za maharage, akanibishia kuhusu mbegu hizo mpaka wateja wengine wakaondoka, nami nikajua huyu ndiye. Kwao ni Kaisho, anakaa na baba yake, Mzee Evodi, na mama wa huyo mzee, Bibi Paskazia, ambaye ndiye aliyemlea Jovitha tangu mama yake alipofariki. Mzee Evodi ni mpole wa kupindukia, ukimuuliza neno lolote anatazama kwanza mlangoni kuona kama mama yake yupo, na kila niliyemuuliza kuhusu ile familia aliniambia kitu kilekile, kwamba pale mambo yote yanapita kwa Bibi, asipotaka yeye hata kuku hauzwi.

Na huyo Bibi, katika vitu vyote vya dunia hii, fahari yake ni nini? Kahawa ya kutafuna. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, ana miti yake michache ya zamani ambayo haruhusu mtu kuigusa, anachuma mwenyewe, anachemsha mwenyewe, anaanika mwenyewe na kukaa hapo kufukuza kuku. Siku niliyofika mara ya kwanza nilichukua tatu kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasukumia shavuni nikamshukuru kwa maneno mengi mno (kosa), na Bibi akafurahi hadi akaingia ndani akatoka na kifurushi, kahawa zimefungwa kwenye jani kavu la mgomba na kuzungushiwa uzi mwekundu wa sufu, ule anaotumia kupamba mikeka yake. Akasema hizo ni za njiani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuondoka pale bila kifurushi chenye uzi mwekundu.

Na si kwamba alikuwa ananipa tu na kwisha. Alinisindikiza hadi kwenye gari, akasimama, akasubiri anione nikifungua. Nikatazama huku na huku. Kutupa chini sikuweza, uwanja ulikuwa umefagiwa hata jani moja halionekani. Kutupa njiani sikuweza, kila anayetembea kwenye ile njia ni ndugu yao. Nimpelekee mtu Omurushaka? Kaisho yote inapita Omurushaka, na habari zingerudi kwa Bibi kabla ya mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeegemea gari kwa mbele, na pale chini ya kioo, waipa zinapolalia, kuna wavu wa plastiki wenye matundu ya kupitisha hewa na maji ya mvua. Basi mkono wa kulia nikaupeleka mdomoni ukiwa mtupu, nikaanza kutafuna hewa kwa bidii, na ule wa kushoto, nyuma ya mgongo wangu, ukamimina kahawa zote kwenye yale matundu. Jani nikalichanachana, nalo likaingia humohumo, na uzi wake. Nilidhani vinashuka chini kama maji ya mvua na kuanguka barabarani, na wala sikujiuliza mara mbili. Nikamwambia Bibi tamu sana, nikawasha gari, nikaondoka nikijisifu kimoyomoyo kwa akili niliyojaliwa.

Hapo ndipo palikuwa pa kuishia. Lakini kitu kikikubali mara ya kwanza mtu huwa hakiachi, na mimi nilikwenda Kaisho karibu kila Jumapili kwa muda wa mwaka mmoja.

Sasa njooni kwenye gari. Ni kigari kidogo tu cha mtumba, rangi ya maziwa, lakini kilikuja na AC inayofanya kazi, na kwa njia ile ya kuingia kwao wakati wa kiangazi, AC si anasa, ni heshima, maana wenzako wanafika na nyusi nyekundu za vumbi na wewe unashuka kola ikiwa nyeupe. Nilijidai nayo sana, nakiri. Nilikuwa nafunga vioo hata nikienda kununua chumvi. Ndipo siku moja, nimeiwasha tu, nikasikia kwi, kwi, kwi. Nikaizima, kimya. Nikaiwasha, kwi, kwi, kwi. Pale kwenye kijiwe mbele ya duka langu kila mtu ni fundi, na wote kwa pamoja wakasema beliti, kwamba AC ikiwashwa injini inabeba mzigo, beliti inateleza, inalia. Ni kweli hutokea hivyo, sikatai. Mmoja akaleta kipande cha sabuni ya mche, tukaipaka beliti. Mimi nikasimama mbele, boneti wazi, mtu mwingine akakaa ndani akawasha AC, na kwa kuwa injini ilikuwa inanguruma usoni pangu sikusikia kwi hata moja, nikatangaza kwamba imepona. Nilipoingia ndani na kufunga mlango, kwi, kwi, kwi.

Nikanunua beliti mpya, ikalia vilevile. Wakasema basi ni kompresa, nikainama nikaitazama kompresa kwa muda mrefu kama mtu anayeijua (mpaka leo sina hakika kama nilikuwa natazama kompresa au kitu kingine), nikasema nitaishughulikia. Niliishughulikia kwa kuongeza sauti ya redio. Na katika muda wote huo, ndugu zangu, haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa naipa hiyo AC kifurushi kimoja cha kahawa kila Jumapili.

Posa yangu ilipelekwa, mshenga akapokelewa vizuri, na wakasema jibu litatolewa Jumapili ya kipaimara, baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa siku hiyo ndugu wengi watakuwepo. Mzee Evodi alishamnong'oneza mshenga kwamba yeye hana neno, linalosubiriwa ni la mama yake tu. Mnaelewa nilikuwa nasubiri nini. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nilishakataliwa sehemu nyingine mbili ambazo hazihusiani na habari hii, na Jovitha nilikuwa nampenda hadi nilianza kuimba dukani. Kwa hiyo nikajipendekeza: Bibi alikuwa msimamizi wa mtoto mmoja wa kipaimara, nikasema nitakuja asubuhi nimpeleke kanisani mwenyewe, kwenye gari lenye ubaridi, asiguswe na vumbi hata chembe.

Bibi akakaa mbele, kitenge kipya, kilemba cheupe pe, mkoba umewekwa magotini. Jovitha na baba yake wakakaa nyuma. Nikafunga vioo, nikawasha AC kwa kidole kimoja, kwa madaha, na ubaridi ukamfika Bibi usoni, akafumba macho akasema kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kwamba hivi ndivyo wanavyoishi malaika. Halafu ikaanza. Kwi, kwi, kwi. Bibi akafumbua macho.

"Umebeba kifaranga?"

Nikamwambia hapana Bibi, ni beliti. Akaniuliza beliti ni nini, nikamweleza vizuri sana, injini, mzigo, kuteleza, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hata hivyo kina njaa. Nyuma nikamsikia Jovitha anajikohoza kuficha kicheko. Nikasema basi niizime, Bibi akanishika mkono, hapana, ubaridi wake niuache, ila tukifika nikitoe hicho kiumbe nikipe maji. Alichofanya alipofika kanisani sijui, mimi nilikuwa naegesha gari, lakini kabla ya wimbo wa kuingia kwisha, benchi zima la akina mama lilikuwa linajua kwamba kwenye gari la yule mposaji wa Jovitha kuna kitu kinalia.

Misa ikaisha, watoto wamepigwa picha, na nilipotoka nikakuta watu wamelizunguka gari langu. Sasa hapa ningeweza kusema jamani tuondoke, chakula kinapoa. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nikavua koti la suti, nikamkabidhi Jovitha, nikafungua boneti na kuomba kipande cha sabuni, kwa sauti ya mtu anayejua. Kikaletwa kutoka jikoni kwa masista. Nikapaka beliti, mikono ikawa myeusi, nikaingia nikawasha gari na AC, milango yote wazi, na kelele ikatoka safi, ikasikika mpaka kwenye ngazi za kanisa. Katekista akasema ni panya. Akina mama wakarudi nyuma hatua mbili. Mzee mmoja akasema panya hawalii kwa mpangilio namna hiyo. Na Bibi, amesimama na mkoba wake, akatangaza kwamba yeye hapandi tena mpaka kitolewe, hawezi kwenda kula wakati chini ya miguu yake kuna kinachoteseka.

Basi akajitokeza Deo. Deo ni fundi, ana gereji yake Nkwenda, alikuja kwa ajili ya kipaimara cha binti yake na alikuwa na suti nzuri kuliko yangu, lakini spana na bisibisi zake huwa haziachi, zilikuwa kwenye pikipiki. Akaniuliza kwa heshima kama anaweza kuangalia. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, mbele ya watu wote wale, nikamjibu:

"Fungua popote fundi, gari langu halina siri."

Neno hilo nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu huwa natafuta pa kuficha uso.

Deo hakugusa boneti kabisa. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akawasha gari, akabonyeza kitufe cha AC kuizima, ila ile swichi ya feni akaiacha palepale ilipo. Kwi, kwi, kwi. Akaniita nisogee nisikie. Akasema AC imezimwa, kompresa haifanyi kazi, beliti haina mzigo, na kelele bado ipo, basi AC haina kosa. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, kelele haikubadilika. Akapunguza feni, kelele ikapungua kasi, kwi... kwi... kwi. Akaiongeza, ikakimbia. Dakika mbili tu, mtu hajachafua hata kidole. Akasema kinachofuata mwendo wa feni ni feni, na feni yenyewe iko ndani, kwenye miguu ya abiria, skrubu tatu tu. Mimi mwaka mzima nilikuwa siitumii feni bila AC, ndiyo maana nilidhani ni AC, na nilikuwa nimeshapaka sabuni za kufua shuka za bweni zima.

Akaomba kitu cha kutandika ili skrubu zisipotee. Jovitha akatandika kanga yake chini ya mlango. Watu wakasogea, katekista ameshika fimbo tayari kwa panya. Deo akalala chali na suti yake, akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaivuta feni taratibu. Na zikashuka. Zilishuka kwanza mbili, zikagonga kwenye kanga, halafu zikamiminika, konzi nzima na zaidi, kahawa za kutafuna, zingine zimesagika, zingine nzima kabisa, na vipande vya jani la mgomba. Na kwenye mhimili wa feni, umejizungusha na kukazwa kama umesukwa, uzi mwekundu wa sufu. Huo ndio uliokuwa unalia.

Bibi akasogea, akainama, akachukua punje moja, akaifuta kwenye kiganja, akainusa. Akauvuta ule uzi kidogo kwa kucha.

"Hizi ni zangu," akasema.

Ndugu zangu, mtu akibanwa hafikirii. Nikasema labda ni panya, panya alikuwa anazibeba kutoka ndani ya gari, wana tabia hiyo. Nilisema hivyo mbele ya padre, ambaye alikuwa ameshafika kuona kuna nini. Bibi akanitazama, si kwa hasira, kama mwalimu anayekusubiri uisome hesabu yako upya.

"Panya anafungua fundo langu, Proje?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na walicheka kwa muda mrefu, kuna mama mmoja alilazimika kukaa kwenye ngazi, Deo alicheka akiwa bado amelala chali, hata padre aligeukia kanisani mabega yakimtikisika. Jovitha alikuwa ameshika koti langu amelibana mdomoni. Na mimi nikaona njia imekwisha, nikamwambia Bibi ukweli wote hapohapo, kwamba siwezi kutafuna kahawa, sijawahi kuweza, nilikuwa nazimwaga kwenye matundu ya waipa tangu siku ya kwanza huku nikitafuna hewa, na nilifanya hivyo kwa sababu nilimwogopa na nilitaka anipende. Nikadhani atacheka na yeye. Kama angecheka ingekuwa mkasa wa kawaida, tungeenda kula.

Hakucheka. Alizikusanya zile nzima, moja moja, akazifunga kwenye leso yake, na bila kuniangalia akasema, "Mimi nilikuwa nakuchagulia."

Kumbe, na Jovitha ndiye aliyenieleza baadaye, kila Jumamosi jioni Bibi alikuwa anamwaga kahawa zake kwenye ungo na kuzitenganisha, zilizo sawasawa na nzuri zaidi ni za mposaji, zilizobaki ni za nyumba. Na macho yake hayaoni vizuri, anachagua kwa vidole. Nimewahi kuona aibu nyingi, lakini ile ilizidi zote, nilitamani wacheke tena ili nisisikie kile nilichokuwa nasikia.

Deo akarudisha feni, nikaosha mikono, tukapanda. Bibi akakaa mbele palepale. Nikawasha AC, ubaridi ukaja, na gari likawa kimya kabisa, halijawahi kuwa kimya namna ile tangu nilinunue, unasikia hadi kokoto moja moja chini ya tairi, mpaka tunafika. Niliomba kwa dhati lilie hata mara moja tu.

Chakula kikaliwa. Mimi nilikuwa nahesabu tu sura za watu nione nani ananionea huruma. Kikaletwa kile kikapu baada ya kula, kikazunguka kwa kila mtu, mshenga, ndugu, majirani, hata Deo aliyekuwa amekaribishwa, na kilipofika kwangu Bibi akakipitisha mbele ya magoti yangu akampa aliyefuata. Halafu Mzee Evodi akasimama, akakohoa, akatazama mlangoni, akakumbuka kwamba mama yake yupo humuhumu, akakaa. Bibi akazungumza akiwa ameketi. Alisema mjukuu wake ananipenda, kazi ninayo, kanisani nafika, na siku nilipobanwa nilidanganya mara moja tu kisha nikasema kweli, wengine hudanganya hadi jioni. Jibu lao ni ndiyo. Watu wakaanza kupiga vigelegele, akainua mkono.

"Ila kahawa yangu asipewe tena," akasema. "Nisimsumbue."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimepewa mke, na nimepata kile nilichokuwa nakiomba tangu utotoni, nyumba moja duniani ambayo haitanilazimisha kutafuna kahawa, na siwezi kuwaeleza jinsi kilivyokuwa kinaniuma. Si kwamba Bibi alinichukia. Alinipikia, aliniombea, nikiumwa alituma watu. Ila kikapu kikitoka, kilizunguka kwa wote, hata mtu aliyekuja kununua ndizi tu na ambaye hakuna anayemjua jina anachukua mbili, na mimi mkwe wa nyumba naletewa karanga kwenye kisosi, kama watoto. Ndugu zangu wa Muleba walipokuja kwenye mambo ya harusi, baba mdogo akaiona ile karanga, akauliza kwa sauti kwa nini mtoto wao anabaguliwa, ikabidi Jovitha asimulie yote upya, na baba mdogo akanitazama mimi badala ya wenyeji. Tangu hapo nimeapa: kitu cha mtu nisichokipenda nitasema siku hiyohiyo, kwa adabu, mlangoni, hata kama ni kwa mkwe, hata kama ni kwa padre, wala sitakificha mahali kitakapokuja kunililia mbele ya watu. Na gari likilia, kabla sijapaka chochote sabuni nakaa ndani kwanza na kusikiliza.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kiangazi hiki nilikwenda peke yangu kumsaidia kupunguza matawi ya ile mibuni yake (ananiruhusu sasa, ila anasimama nyuma yangu), na tulipomaliza tukakaa barazani na majirani wawili. Kikapu kikatoka, kikawafikia wao, kikawa kinanipita, nami sijui nini kilinishika, nikanyoosha mkono.

"Bibi, na mimi naomba."

Akasimamisha kikapu. Majirani wakaacha kutafuna.

"Za kwako, au za gari?"

Wakacheka, nikawaacha wacheke. Nikamwambia ni za kwangu. Akaingiza vidole kikapuni, akawa anapapasa taratibu, anaacha hii, anaacha ile, mpaka akapata aliyoitaka, akaniwekea moja tu kiganjani na kunikazia macho. Nikaitia mdomoni nikaitafuna. Moyo ukaanza kukimbia kama kawaida yake. Akanisubiri nimeze, kisha akaniuliza ikoje.

"Chungu, Bibi. Chungu sana."

"Haya," akasema, na akasogeza kigoda chake karibu na changu. "Basi karibu."